Maonyesho ya Ndege Niliyoyafunga kwa Ulimi Wangu

Mwaka 2006 nilifunga maonyesho makubwa ya ndege kwa sentensi moja.

Sikuwa waziri. Sikuwa polisi. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, nimeshika mwiko jikoni kwangu Sanyuanli, Guangzhou, na mtu niliyemfungia maonyesho hayo alikuwa mmoja tu.

Baba yangu mzazi.

Naitwa Jovitha. Nilikwenda China kwa skolashipu, nikasoma Kichina mpaka kikakubali. Mwaka wa tatu nikaanza kutafsiri kwa wafanyabiashara wa kwetu. Nawapeleka Shiling kwenye soko la mikoba, nabishana bei na wenye viwanda, nakaa nao kwa wakala wa mizigo mpaka kontena lao liondoke bandari ya Huangpu. Kazi ilinoga. Mjini wakanijua.

Baba yangu, Revocatus, alikuwa fundi wa injini za ndege. Miaka ishirini na nane kwenye karakana ya uwanja wa Dar. Walipopunguza watu akarudi nyumbani na boksi lake la spana, akaanza kutengeneza majenereta ya mtaani.

Hakuwahi kulalamika. Ila ndege ikipita juu, anaacha anachofanya. Hata kama ni msibani.

Sasa kuna maonyesho ya ndege hufanyika Zhuhai, kama saa mbili kwa basi kutoka Guangzhou. Yanakuja kila baada ya miaka miwili. Nilimtajia kwenye simu kama utani.

"Baba, mwezi wa kumi na moja huku kuna maonyesho ya ndege. Ungekuja ungefurahi."

Akasema, "Nakuja."

Nikacheka. Wiki sita baadaye nilikuwa uwanja wa ndege wa Baiyun nampokea, kavaa suti ya kahawia aliyovaa akimwoza dada yangu Nelly.

Tiketi nilishapata mbili, za Ijumaa. Mwalimu wangu mmoja alinisaidia. Jumamosi na Jumapili nilipouliza nikaambiwa *meiyou*, hakuna, zimekwisha. Na baba alikuwa anarudi Dar Jumamosi jioni. Kwa hiyo ilikuwa Ijumaa au basi.

Siku ya kwanza tu akanikalisha.

"Nieleze huko watu wanaendaje. Sitaki kufika nikashangaa kama mtu aliyetoka porini."

Nilishawahi kwenda mara moja, 2004, na nilikoma. Nilivaa viatu vya kisigino, nikafika saa tano, nikaona migongo ya watu siku nzima. Kwa hiyo nilikuwa na ya kumwambia.

Nikamwambia kwanza uangalie siku. Siku za mwanzo ni za makampuni na wageni wao, raia wa kawaida tunaingia za mwishoni. Ukikosea siku unaishia getini.

Pasipoti uwe nayo yenyewe mkononi, kivuli chake usikitegemee.

Uondoke na basi la kwanza. Ukisema utalala Zhuhai, vyumba vilishajaa kitambo, na kilichobaki bei yake ni ya kukomoa.

Viatu vya kutembelea. Pale ni sakafu ya zege, jua linapiga juu, linarudi na chini. Kofia ndiyo, mwavuli hapana. Ukifungua mwavuli unawaziba walio nyuma, na watakusema kwa Kichina mpaka ujute.

Asubuhi zungukia ndege zilizopaki kabla foleni hazijanenepa. Zile za kuruka, kaweke nafasi yako saa nzima kabla, jua liwe mgongoni. Pamba ya masikio. Maji. Mkubaliane pa kukutania, maana watu wakizidi, simu zinagoma.

Na zikimaliza kuruka usikimbilie basi, kila mtu anakimbilia basi. Kaa chini, kula, subiri wapungue.

"Niandikie," baba akasema. "Kwa herufi kubwa."

Nikamwandikia kwa kalamu nene ya kuandikia mabegi ya mizigo. Akabandika ukutani juu ya kochi alilokuwa analalia. Kila asubuhi namkuta amesimama pale, pua karibu kugusa karatasi, anasoma.

Alhamisi saa kumi jioni simu ikalia.

Alikuwa Bwana Ghalib.

Bwana Ghalib ni mfanyabiashara wa Unguja, mteja wangu mkubwa kuliko wote. Alikuwa anatafuta mtu wa kumsimamia mambo yake yote Guangzhou. Kudumu. Na mimi skolashipu ilikuwa inaisha Julai. Asiponichukua, narudi nyumbani kutembeza vyeti.

"Jovitha, nasikia kesho kuna mambo ya ndege Zhuhai. Nna hamu ya kuzitazama hizi ndogo ndogo za abiria, pengine kuna biashara ya Unguja na Pemba. Tiketi zapatikana?"

Hapa ndipo ningesema hapana. Kulikuwa na ugumu gani?

Nikasema, "Ninazo mbili, bosi."

"Ya pili ya nani?"

Nilimwona baba kwa mlango wa jikoni. Anapiga pasi suruali. Ananyoosha mstari wa mbele taratibu, kama anapima kitu.

"Ya mtu tu," nikasema. "Hata hajathibitisha."

Ndugu zangu, nilimkana baba yangu wakati namtazama.

Nikakata simu. Nikakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Halafu nikaita.

"Baba, nimepigiwa simu sasa hivi. Maonyesho yamefungwa. Kuna kimbunga kinatoka baharini, ndege haziruhusiwi kuruka."

Pasi ikasimama.

"Kimbunga? Mwezi wa kumi na moja?"

"Huku hali ya hewa haitabiriki, baba."

Akaenda dirishani. Akaangalia juu kwa muda. Mbingu ilikuwa nyeupe tu, ya moshi wa viwanda, haina hata wingu la kusingizia.

"Sawa, mama," akasema. "Wakisema ndege haziruki, haziruki."

Akachomoa pasi ukutani.

Ijumaa alfajiri nikamwambia naenda Shiling na mteja. Nilikuwa nafunga kamba za raba pale mlangoni, akanifuata na kofia mpya aliyonunua sokoni kwa ajili ya Zhuhai.

"Vaa hii. Jua litakuwa kali."

Nikavaa. Nikamshukuru. Nikashuka ngazi mbio nisichelewe basi la kwanza.

Huko nilifanya kila kitu sawasawa. Bwana Ghalib alifurahi kama bwana harusi. Asubuhi tukazungukia zilizopaki, hakuna foleni. Mchana tukapata nafasi nzuri, jua mgongoni, pamba masikioni. Ndege za kijeshi zikapasua anga, zikapinduka tumbo juu, zikatoa moshi wa rangi. Watu maelfu kwa maelfu wanapiga kelele. Bwana Ghalib anapiga picha mpaka betri ikalia.

Mimi sikumbuki ndege hata moja.

Ninachokumbuka ni injini. Ndani ya ukumbi waliweka injini nzima imekatwa ubavu, unaona mapanga yake yamepangwa safu kwa safu mpaka ndani. Kando yake kasimama mhandisi mmoja wa makamo, mpole, hana mtu wa kuongea naye. Watu wanapiga picha, wanapita.

Akaniuliza, "Una swali lolote?"

Sikuwa na swali. Mwenye maswali ya miaka ishirini na nane nilikuwa nimemwacha ndani Sanyuanli.

Jumamosi mchana mimi na baba tukaenda mgahawa wa Waislamu, mtaa wa nyuma pale, kula tambi za nyama kabla ya safari. Begi la baba liko chini ya meza. Nilidhani nimevuka salama.

Mlango ukafunguka. Bwana Ghalib, na kifurushi.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Kabla baba hajafika nilimwambia bosi kuna mzee wetu anarudi Dar Jumamosi, kama ana mzigo mdogo alete hapo mgahawani mchana. Sikusema mzee wetu yupi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Mzigo wenyewe mdogo tu, manukato ya mke wangu, Bimkubwa. Ukifika atatuma mtu." Akavuta kiti. "Lakini mzee, jana ungeona! Huyu Jovitha kanipeleka Zhuhai kwenye ndege. Lo! Hebu tazama."

Akatoa kamera, akamkabidhi.

Nilitaka kusema kitu. Chochote. Mdomo ulijaa tambi.

Baba akaishika ile kamera, akaisogeza karibu kabisa na jicho, akaigeuza upande, akaisogeza tena. Akakaa na picha ya kwanza muda mrefu.

Halafu akauliza, taratibu sana:

"Upepo ulikuwaje?"

"Upepo?" Bwana Ghalib akacheka. "Hata jani halikutikisika, mzee wangu. Jua la kupasua kichwa."

Baba akarudisha kamera.

"Zilipinduka vizuri?"

"Vizuri sana!"

"Ngapi kwa pamoja?"

"Sita."

"Sita," baba akasema. "Hiyo ni kazi kubwa kwa mafundi wanaobaki chini. Watu wanamwona rubani tu."

Bwana Ghalib akawa anamwangalia yeye, halafu mimi, halafu yeye. Si mjinga yule mtu, ana maduka matatu.

"Mzee, wewe ni nani wake Jovitha?"

"Mimi ndiye baba yake."

Tabasamu likamtoka usoni.

"Na ile tiketi ya pili…"

Hakumalizia. Aliniangalia mimi sasa.

"Wallahi Jovitha, ungenambia tu. Mimi nilikuwa na hamu ya kutazama, basi. Ningekwenda zangu sokoni. Tiketi ya mzazi wako wanipa mimi? Mimi nani?"

Sasa sikiliza alichofanya baba yangu. Alinitetea.

"Mtoto alikuwa kazini, Bwana Ghalib. Kazi ni kazi. Usimlaumu."

Bora angenizaba kibao.

Tulikwenda uwanja wa ndege. Nilijaribu mara moja, "Baba, nisamehe." Akasema yamekwisha. Nikasema, "2008 yapo tena, nitakuleta, naapa." Akanishika bega, akaingia ndani na suti yake ya kahawia. Hakugeuka, na pale mlangoni alimgonga mtu, akaomba radhi kwa nguzo.

Nikadhani ni machozi.

Wiki tatu baadaye Nelly akanipigia.

"Baba ameona nini huko?" Sauti yake ilikuwa ya ugomvi. "Kila tukimuuliza anasema China pazuri, Jovi anachapa kazi. Ndege je? Anabadilisha mada."

Nikajibaraguza. Akanikatisha.

"Unajua kwa nini alikwenda?"

"Si maonyesho?"

"Jovi, baba ana presha ya macho. Ilishakula jicho la kushoto lote, la kulia limebaki kijitundu. Daktari alimwambia mwezi wa nane halitafika mbali. Baba akasema kabla halijafa anataka aone ndege zikiruka karibu. Akauza boksi lake lote la spana kupata nauli. Akatukataza tusikwambie, usije ukaacha masomo."

Nilikaa chini sakafuni, palepale kwenye korido ya bweni la rafiki yangu.

"Na jambo lingine," Nelly akasema. "Alijua. Ile Alhamisi alijua hakuna kimbunga. Nilipombana jana akanieleza habari ya kimbunga, kisha akasema neno moja tu: 'Mtoto amenificha kitu kwa sababu ana shida. Nikimuumbua, shida yake itakuwa mbili.'"

Kofia. Jua litakuwa kali, aliniambia. Siku ya kimbunga.

Jicho la kulia lilizima Juni mwaka uliofuata.

Na ile kazi ambayo nilimuuza baba yangu niipate? Sikuipata. Bwana Ghalib alimchukua Mzanzibari mwenzake, binti anaitwa Najat, Kichina chake cha kuunga unga. Nilijikaza nikampigia kumuuliza nimekosea wapi.

Alinijibu kwa heshima, kama kawaida yake.

"Jovitha, wewe hodari. Lakini mtu aliyemkana babaake kwa tiketi ya kutazama ndege, mimi akinikana itakuwa kwa nini? Kwa soda?"

Nilipata vibarua, nikabaki Guangzhou kwa kuungaunga. Mwaka 2008 nikanunua tiketi ya maonyesho, moja. Niliondoka na basi la kwanza. Nikasimama pazuri, nikampigia baba Dar, nikamwambia asikilize, nikainua simu juu. Ndege zikapita juu ya kichwa changu mpaka kifua kikatetemeka. Nimeinua mkono dakika nzima, nalia, watu wananiangalia.

Nikairudisha sikioni. "Baba, umesikia?"

"Nimesikia mngurumo, mwanangu."

"Ni zilezile. Ziko sita."

"Asante. Usimalize salio lako." Halafu kwa mbali nikamsikia, "Nelly, chukua simu yenu."

Simu yenu, yaani yangu na Nelly; yeye hakuwemo. Basi.

Tangu nianze kusimulia maisha ya huku, wengi mnaniandikia mnataka ushauri wa maonyesho ya ndege: siku gani, viatu gani, mkae wapi. Nimeshawaambia, hayo ni mepesi. Ninachotaka mkishike ni kingine.

Siku moja utakuwa na nafasi moja na watu wawili. Mmoja akikosa atakuchukia. Mwingine akikosa atasema sawa tu, mama. Na wewe, kama mimi, utamnyima huyo wa pili, kwa kuwa ndiye asiyekugharimu.

Unamwadhibu mtu kwa sababu anakupenda. Hilo ndilo nililofanya, na sijakutana bado na msamaha wa kulifuta, maana aliyepaswa kunisamehe alishanisamehe siku ileile, dirishani, na haikusaidia kitu.