Barua za Nyuk Fa Kwenda Medan

Kila asubuhi, kabla ya kula chochote, Bibi Nyuk Fa humimina kahawa kwenye kisahani, huipuliza, kisha huinywa humohumo. Wenyeji wa kisiwa hiki cha Hainan, China, humcheka. Sisi wa shamba la Xinglong, ambao wazee wetu walikuja kwa meli kutoka Indonesia, hatuoni ajabu.

Alikuja mwaka 1960, akiwa na miaka kumi na mitano. Kule Sumatra, Indonesia, wageni walikuwa wamekatazwa kuendesha maduka vijijini, na duka la baba yake likafungwa. China ikapeleka meli. Mdogo wake, Nyuk Lan, alikuwa anaumwa surua, wakamwacha mjini Medan kwa shangazi aje na meli ya pili. Hakuja.

Miaka mingi kuwa na ndugu ng'ambo lilikuwa jambo la kuhojiwa na serikali, kwa hiyo Nyuk Fa hakuandika. Alipothubutu, mwaka 1980, barua ilirudi. Akaandika nyingine, nayo ikarudi. Aliogopa kuwa mdogo wake amekufa, lakini hakuacha kuandika.

Nilipokuwa chuoni Guangzhou nilisoma kwamba Wachina wengi wa Indonesia walitakiwa kuchukua majina ya kienyeji, na hata tahajia ilibadilishwa; nikahisi ndiyo sababu barua zilirudi. Nikakiandikia chama cha Wahakka, Wachina wa jamii ya Bibi, huko Medan. Sikutegemea jina; nilieleza habari za yule shangazi, aliyeuza viatu vya mbao, na mtoto aliyeachiwa akiwa anaumwa surua. Baada ya miezi minne walijibu.

"Sasa anaitwa Sulastri," nilimwambia Bibi.

"Huyo Mjava, jina la wenyeji wa kule hilo. Mimi namtafuta mdogo wangu."

"Ndiye, Bibi."

Tulipiga simu ya video, Bibi akasalimu kwa Kiindonesia. Kikongwe aliyevaa miwani alimtazama Bibi sana, kisha akasema kwa lugha hiyohiyo, "Dada, mbona unaongea kama redio ya zamani?"

"Ndicho nilichoondoka nacho. Kihakka chako umekipeleka wapi?"

"Shule zetu zilifungwa. Nikisema neno la Kichina sokoni, watu wanageuka."

"Mimi nikisema la huko, naitwa mpelelezi."

Wakacheka, wakahamia kwenye habari za kisukari na magoti.

Simu ilipokatika nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimeona haya kuliuliza siku zote: angeyajua haya, angepanda meli ile?

"Ningepanda," alisema. "Ila ningengoja kwanza apone."