Yaliyokuwa Mfukoni mwa Koti Jeupe

Mmenishikilia niandike habari za Dobi kana kwamba mikono yangu haina kazi. Herufi zenyewe nazijua kwa kubembelezana nazo. Haya, naandika, lakini nipendavyo mimi, na asiyependa akalale.

Dobi amefua makoti ya madaktari wa hospitali ile miaka ishirini na sita. Koti halitumbukizwi kwenye maji ya moto kabla mifuko haijapekuliwa, maana kalamu moja ikipasuka humo inachafua makoti arubaini. Alichokikuta alikiweka kwenye sahani ya bati dirishani, mwenyewe apitie. Kwa kupekua mifuko tu, mwanamke huyu asiyemaliza darasa la tatu alijua mji mzima unaumwa nini. Mwaka wa kalamu za kijani, kila mtu alikuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Zikaja za zambarau zenye picha ya ua, na wenye wasiwasi wote wakapona kwa mkupuo, wakashikwa na sonona. Wagonjwa walewale! Kilichobadilika ni kalamu.

Mwenye kuzileta alikuwa mtu wa kampuni ya dawa, wakimwita Bwana Mkoba, viatu vinang'aa kuliko vyombo vya upasuaji. Mkono mtupu haulambwi, na wake haukuwa mtupu hata siku moja. Madaktari waliulamba hadi kwenye kiwiko.

Dobi alikuwa akicheka tu, mpaka zamu ilipomfikia mdogo wake.

Mdogo wake ni fundi cherehani, mjane. Mumewe alikuwa na miezi minne kaburini, naye hushona huku anamgombeza: "Mkasi butu huu, mzee, ulisema utaunoa, ukajiendea zako!" Analia kidogo, anakunja pindo, anaendelea. Nguo zilitoka zimenyooka. Lakini mwanawe akaona aibu mbele ya wateja, akampeleka kliniki ya akili. Daktari, kijana mwenye sauti laini, akamsomea maswali tisa kwenye karatasi. Unalia? Nalia. Usingizi? Sina. Hamu ya chakula? Hamna. Akaambiwa huzuni ikipita wiki mbili ni ugonjwa. Nani kafa, hakuulizwa; karatasi haikuwa na nafasi ya marehemu. Daktari akajumlisha, akasema sonona, akatoa vidonge.

Wiki tatu baadaye Fundi hakumgombeza mtu. Alikaa mbele ya cherehani, mikono inatetemeka, hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Mkono wa blauzi akaushonea shingoni. Wateja wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, wakinong'ona. Mwanawe akasema cherehani iuzwe, kwani daktari anaandika barua kwamba mama hataiweza kazi tena.

Hapo Dobi akazima pasi.

Asubuhi ya kliniki alimshika mdogo wake mkono, akaingia naye, sahani ya bati mkono wa pili.

"Mama, foleni iko nje," daktari akasema.

"Nimeiona nikiipita. Nimekuletea vitu vyako vya mfukoni." Akamwaga mezani kalamu, boksi la vidonge vya kuonjesha, na kadi ya mwaliko wa semina hotelini. "Kusoma nasoma kwa kusuasua, baba, lakini macho ninayo. Ua kwenye kalamu. Ua kwenye boksi. Na hili hapa, chini ya karatasi yako ya maswali, si ua lilelile?"

Daktari akaitazama karatasi kama kaiona leo. "Kampuni inatusaidia kuchapisha tu, mama."

"Muuza majeneza akija kukupima urefu bure, utamshukuru?"

Mlango ulikuwa wazi. Foleni ikaangua kicheko.

"Mama, una hasira nyingi. Hali hii imeanza lini?" Akaivuta karatasi, kalamu ya zambarau mkononi. Wallahi, alitaka kumpima na yeye!

"Andika! Silali, maana kitandani niko na mtu anayetetemeka. Sina raha, maana nakuangalia wewe. Haya, jumlisha!"

Fundi, kimya siku zote hizo, akafungua mdomo polepole. "Dada, mpunguzie. Naye ana mama yake."

"Basi mama yake akifa, amlilie wiki mbili, ya tatu ameze dawa!"

Daktari akaiweka kalamu chini. Kisha akauliza swali lisilokuwa kwenye karatasi: "Nani amefariki, mama?"

Fundi akamwambia. Alimwambia mpaka foleni ikanuna.

Barua haikuandikwa. Vidonge vikapunguzwa kidogo kidogo, muuguzi akisimamia, maana kuviacha ghafla nako kuna hatari. Na msinisingizie kwamba nasema dawa za akili ni uongo; Dobi amefua shuka za watu waliookolewa nazo. Mimi nasema habari za mjane. Semina daktari alikwenda, msidhani. Alirudi na kofia yenye ua lilelile.

Cherehani ipo, mikono imetulia, na marehemu anagombezwa kila siku. Ila wateja hawajarudi. Wanaogopa lile jina, kana kwamba sonona inaambukizwa kwa uzi. Sasa wewe uliyesoma bure mpaka hapa, lete kitambaa kesho asubuhi. Mita mbili na nusu, usilete vipande. Na akianza kumsema mumewe huku anakupima kiuno, simama wima, unyamaze, umsikilize mpaka amalize.