Pua ya Shemeji

Gereji yetu ina mafundi wanne, na mteja akiingia na gari linalotumia gesi, wote tunanyoosha kidole upande mmoja: kwa Pua. Huyo ni shemeji yangu. Alimwoa dada yangu, na ndiye aliyenitafutia kona ninayoshonea viti vya magari.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo wa yai bovu hutiwa makusudi, ili ikivuja mtu ajue. Mafundi wengine wakimaliza kukaza nati hupaka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifura, hapo panavuja. Pua hakuwa na shughuli hiyo. Aliinama, akavuta pumzi mara mbili, akasema "safi" au "hapa", na kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kukosea. Sabuni, alisema, ni ya kufulia. Sisi tulicheka na kumsifu, naye kichwa kikamvimba. Mimi nilikuwa wa kwanza kumvimbisha.

Dada alifariki miezi mitatu iliyopita. Wiki ya mazishi shemeji alishikwa na mafua makali, akalala siku nne, kisha akarudi kazini. Hakulia. Alibadilisha filta, akamwaga yale mafuta meusi yanayojikusanya ndani ya regulata ya kupunguza nguvu ya gesi, akasoma tarehe iliyogongwa kwenye mtungi kuona kama muda wake umekwisha. Kazi ilikwenda vilevile. Mchana alikula kama mtu anayejaza fomu. Nikimuuliza chakula kikoje, jibu lilikuwa moja: "Hakina ladha, shemeji. Hakuna kitu chenye ladha."

Nani angeuliza zaidi? Mfiwa akikwambia dunia haina ladha, unampa pole na kunyamaza.

Siku moja akaniletea mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na mto wa dada.

"Toa sponji, utengenezee kiti cha mtu."

"Mto wa mkeo?"

"Nimeunusa wiki nzima. Hauna kitu. Ameshaondoka."

Alisema hivyo kama anayemwambia mteja kwamba plagi zimechoka. Nilimchukia. Nilimwona mkavu, mtu asiye na moyo, na nikajuta kwamba dada yangu alimpikia miaka yote ile. Nikautupa mfuko juu ya rafu. Sikuufungua, kwa hasira na kwa woga pia.

Binti yao, mpwa wangu, ana gari dogo la gesi na mtoto wa miezi saba. Jumamosi moja alilileta kwa baba yake lifanyiwe sevisi. Shemeji alifungua bomba la shaba kwenye mtungi ulio ndani ya buti, akalisafisha, akalirudisha, akanusa mara mbili. "Safi," akasema. Jumatatu asubuhi binti akarudi, madirisha yote yako wazi, mtoto akamweka kwenye kona yangu.

"Baba, gari linanuka."

"Linanuka nini?"

"Gesi. Tangu jana. Leo mtoto ametapika njiani."

Shemeji akafungua buti, akaingiza kichwa. "Hakuna kitu. Umerithi woga wa mama yako."

"Baba, linanuka!"

Mimi nilikuwa kwenye cherehani, hatua kumi kutoka pale, na uvundo ukanifikia. Mimi, ambaye sufuria ikiungua jikoni kwangu hujulishwa na majirani!

"Shemeji, toka humo," nikamwambia. "Naisikia mpaka huku."

Alinitazama akidhani namtania. Akaingiza kichwa tena, akavuta pumzi ndefu, na nyingine. Akatoka polepole.

"Nyinyi mnasikia?"

"Tunasikia."

"Wote wawili?"

Kabla hatujajibu, uso wake ulikuwa umeshajibu. Akafunga koki ya mtungi, akaamuru tulisukume gari nje kwenye upepo, na mtu asiguse swichi yoyote. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: akaomba sabuni. Akapaka povu kwenye nati aliyoikaza Jumamosi, akafungua koki kidogo tu. Povu likafura likawa kama ngumi ya mtoto. Alikuwa amerudisha washa ya zamani, kile kipete kinachoziba maungio, nayo ilikuwa na ufa. Brashi na sabuni vingemwambia hivyo kwa dakika moja.

Alikaa juu ya tairi. Nilingoja apige kelele, au alie, au atukane.

"Ni tangu yale mafua," akasema. "Nilidhani ni msiba."

Akachukua daftari lake la wateja na kuhesabu kwa kidole. Magari kumi na saba. Akaanza kupiga simu, na kila mmoja alimwambia maneno yaleyale kwa sauti ileile: "Usiliwashe gari. Funga koki ya mtungi, fungua milango. Nakuja mwenyewe. Nimekosea mimi." Wa tatu alimtukana sana. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante.

Baada ya mteja wa saba alisimama, simu mkononi, akaitazama rafu yangu.

"Ule mfuko. Uliukata?"

"Hapana."

Niliushusha nikampa. Hakuupokea.

"Mpe yeye," akasema.

Binti akafungua fundo, akainamisha uso ndani. Alikaa hivyo muda mrefu hata mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyemwendea.

"Baba."

"Sema."

"Ni mama. Yale mafuta yake ya nywele. Na kama nguo iliyotoka kupigwa pasi sasa hivi."

Hapo mimi nililia waziwazi, nikaona aibu kwa siku zote nilizomchukia mtu bure. Shemeji alisimama tu, povu likimkaukia mikononi, macho makavu.

"Sana?"

"Sana, baba."

Aliitikia kwa kichwa, akakubali kama anavyokubali maelezo ya mteja.

"Basi funga mfuko," akasema. "Kaza fundo. Harufu isivuje."

Kisha akampigia mteja wa nane.