Soksi za Magoti za Mke wa Winchi

Goti la kushoto la yule mama fundi cherehani lilikuwa likimuuma tangu mwaka jana. Kutoa sauti ndiko lilikoanza Jumatatu hiyo. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kitanda, mikono ameipitisha chini ya makwapa ya mumewe, anajiandaa kumwinua amhamishie kwenye kiti cha magurudumu, mara likasema kwach! kama kijiti kikavu.

Wakatazamana.

"Ni kitanda hicho," akasema mke.

"Kitanda hiki nimekigonga misumari mimi mwenyewe. Hakina sauti hiyo."

Mume huyu ndiye Winchi. Jina alilopewa na mama yake watu walikuwa wameshalisahau. Mchana alikuwa mpakiaji wa malori, jioni alikuwa mnyanyua vyuma, na katika mashindano ya kuchuchumaa na chuma mabegani, mtaa mzima ulikuwa unakwenda kumpigia makofi. Miaka mitatu nyuma aliteleza juu ya shehena ya saruji akaangukia mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuna kilichosikia tena. Kifua kilibaki, mikono ilibaki, na uzito nao ukabaki: kilo tisini na mbili. Mkewe alikuwa na hamsini na nane, na hapo ni baada ya kula.

Mtoto wao wa pekee, wa kike, aliolewa mbali. Kwa hiyo mnyanyuaji ndani ya vile vyumba viwili alikuwa mmoja tu. Nesi aliyekuja kumtazama Winchi alikuwa amemvuta mke pembeni, karibu na mlango, akamwambia kwa sauti ya chini, "Dada, kidonda kile cha kulalia kimefunga kwa sababu humwachi akae upande mmoja. Mwache alale siku mbili tu, kitafumuka. Na kikifumuka mara ya pili, sikufichi, wengi huondoka nacho." Tangu siku hiyo mama fundi alikuwa akilitazama goti lake kama mtu anavyotazama kamba iliyochakaa, na ndoo bado iko kisimani.

"Lete futi yako," Winchi akasema.

"Ya nini?"

"Nikupime. Unahitaji soksi za magoti."

Soksi hizi, kwa asiyezijua, hazina unyayo. Ni raba nzito iliyovikwa kitambaa, inavutwa hadi gotini, inalibana na kulipa joto mtu anapochuchumaa na mzigo. Winchi alikuwa anazijua kama mkewe anavyozijua nyuzi. Akamsimamisha mbele ya kiti, akashuka kwa vidole sentimita kumi kutoka kwenye pia ya goti, akazungusha futi.

"Usikaze mguu. Thelathini na mbili."

"Thelathini na tatu. Unavuta."

"Fundi ni nani hapa?"

"Ni mimi!"

Wakacheka. Miaka mitatu mke alikuwa hajamwona akiagiza jambo kwa sauti ile, sauti ya mtu anayejua. Wewe ungekuwa mke wake ungembishia?

"Sikiliza," Winchi akaendelea. "Ziko za unene wa milimita tatu, hizo waachie wakimbiaji. Ziko za tano. Wewe chukua za saba. Na uchukue saizi moja chini ya yako. Zikiingia kirahisi, hizo si soksi, warudishie."

Dukani kwa vifaa vya michezo muuzaji alikuwa kijana mwenye misuli.

"Shikamoo mama. Za mwanao?"

"Marahaba. Za kwangu."

"Eti za kwako! Unanyanyua nini, mama?"

"Mume."

Kijana akacheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. "Kwa siku unanyanyua mara ngapi? Maana hizi za saba..."

"Nipe za saba, ndogo. Mwenyewe ndivyo alivyosema."

Asubuhi ya pili alihangaika nazo dakika kumi nzima, mguu ndani ya mfuko wa nailoni ili raba iteleze, jasho linamtoka, Winchi akielekeza kutoka kitandani kama kocha. Alipochuchumaa na kuinuka, aliinuka kana kwamba kuna mtu anamsukuma kutoka chini. Goti kimya.

"Nilikwambia nini?" Winchi akatamba.

Ila mke hakuzivua. Nani ana dakika kumi kila mara? Akashona nazo, akafua nazo. Kufikia saa sita vidole vya miguu vilikuwa baridi. Saa nane, alipokuwa anamtoa Winchi kwenye kiti cha choo, mguu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, kama haupo. Aliukanyagia, usimjibu. Wakaenda chini wote wawili, kilo tisini na mbili juu yake.

Walikaa pale sakafuni. Akajichomoa taratibu, akazibandua zile soksi. Ngozi chini yake ilikuwa imeingia mifereji.

"Umezivaa tangu saa ngapi?" Winchi akauliza.

"Tangu asubuhi."

"Mama wewe! Zile unavaa, unanyanyua, unashusha. Dakika tano!"

"Baba, kwani kwa siku nakunyanyua mara ngapi?"

Winchi akafikiri. "Mara sita?"

"Kumi na saba."

Winchi akageuza macho ukutani. Kisha akasema, "Mimi jukwaani nilichuchumaa mara tatu. Tatu, mama. Halafu najisifu mwaka mzima."

Kesho yake muuzaji alinung'unika, lakini alibadilisha. Za milimita tano, saizi yake halisi, zinazovalika huku unaongea na mteja. Hizo zikafaa. Wiki ya kwanza goti liliuma kidogo, ya pili likatulia. Wiki ya tatu mama fundi akawa anamwinua Winchi kwa pumzi moja, mpaka akazisifia soksi kwa mteja aliyekuja kupunguza gauni. "Raba tu, lakini ni dawa," alimwambia.

Siku iliyofuata alikuwa anamvalisha suruali, ile ya kijivu aliyomshonea mwenyewe. Akafunga kifungo, kiuno kikabaki kinaning'inia, nafasi ya ngumi mbili. Mikono yake ikasimama. Akakumbuka kwamba jana kiti cha choo wamekitumia mara moja. Juzi pia. Alikuwa amedhani ni nafuu. Akageuka kwenye kimeza cha kitandani: kikombe cha chai kimejaa, kina utando juu. Glasi ya maji imejaa.

"Baba. Unafanya nini?"

"Nakata uzito." Alisema kama anayetaja hali ya hewa. "Kabla ya mizani kila mnyanyuaji hukata uzito. Unaacha maji, unapunguza chakula. Sijaanza leo mambo haya."

"Kabla ya mizani gani?"

"Zilikuwa kumi na saba," Winchi akasema. "Sasa ni tisa. Nimehesabu." Na midomo yake mikavu, iliyopasuka pembeni, ikajaribu kucheka.

"Nesi alisema usipokunywa maji figo zitakufa. Ulikuwepo. Ulisikia."

"Nilisikia."

Nje mteja akabisha hodi. Mama fundi akachukua glasi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaisogeza mdomoni mwa mumewe. Winchi akaushika mkono wake, si kwa kuusukuma, kuuzuia tu, kwa mikono ileile ambayo haijawahi kushindwa kushika chuma. Mke akasukuma. Maji yakamwagika kifuani.

Hodi ikabishwa tena, kisha nyayo zikaondoka.

"Kunywa," akasema.

"Goti lako linaendeleaje?"

"Kunywa, baba."

Akanywa funda moja. Mkewe akaijaza glasi upya, akarudi kukaa palepale, na mkono wa mumewe ukarudi palepale.