Nyasi Kavu Chini ya Blanketi

Jamani, leo nimelia mbele ya wajukuu.

Walikuwa wanafungasha mahema ya kambi ya vijana wa kanisa, kule juu mlima Vuria. Nikawaambia wakifika watandike nyasi kavu kwanza, maana baridi ya mlima hutoka ardhini.

"Babu, nani alikufundisha?" mjukuu wangu Mkamburi akauliza.

Hapo ndipo nikalia.

Ni kaka yangu, Mwakio. Miaka ya hamsini tulibeba vyombo vya wapima ardhi kwenye mlima huo huo. Ukungu ulilowesha hema letu mpaka ndani. Mimi nilikuwa nakohoa, basi akanitandikia nyasi, akanifunika na blanketi lake juu ya langu.

"Na wewe je?" nikamuuliza.

"Mimi nimezoea."

Amezoea wapi? Sote tulikuwa tumetoka Voi, kwenye joto!

Baridi ilimwingia kifuani. Tukamteremsha kwa machela, akitetemeka. Njiani akanishika mkono.

"Umepata joto?"

Nikamwambia ndiyo.

Hospitali tulifika naye akiwa ameshakata roho.

Nyinyi mnaosoma hapa, nani aliwahi kujinyima kwa ajili yenu? Niandikieni jina lake tu.