Nilivyotembea Mbele ya Bi Hana Mjini Praha

Siku niliyoanza kazi ya kuwahudumia wazee, nilimshika babu mmoja mkono ili nimwinue kitini, na kabla hajainuka nikaambiwa nitoke chumbani. Nilikuwa na miezi mitatu tu Minnesota, nimetoka Kisii, na shule yangu iliishia darasa la nne. Kumshika mzee mkono ndivyo nilivyolelewa. Muuguzi Msimamizi wa nyumba ile ya wazee, kule Golden Valley, alikuwa mama mrefu asiyecheka ovyo. Alinisimamisha koridoni akaniambia, "Teresia, mkono wa mzee unang'oka begani kama bawa la kuku. Hapa hatuvuti mikono."

Kisha akanifunga mkanda kiunoni, mimi mwenyewe, akanitembeza koridoni watu wakiona. Mkanda wa kutembezea ni kitambaa kigumu, upana wa vidole vinne, chenye kifungo cha chuma. Hufungwa juu ya nguo, chini ya mbavu, na uwe umekaza kiasi cha vidole viwili kupita. Unaushika kiganja kikitazama juu, na unasimama upande wa mzee ulio dhaifu, nyuma kidogo. Mbele, hapana. Ukiwa mbele naye akaja, mnakwenda chini wote wawili.

"Nyuma na pembeni," akasema. "Rudia."

Nikarudia. Akanirudisha kwa yule babu saa hiyo hiyo, na ninamshukuru mpaka leo, maana mwingine angenirudisha nyumbani. Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa mnafundishwa kwa video. Nimeziona. Si mbaya, lakini video haikushiki kiuno.

Baada ya miaka sita nilikwenda Plymouth, huko huko Minnesota, kwenye wodi ya waliopotewa na kumbukumbu. Mkuu wa Zamu hapo alikuwa baba mmoja kutoka Liberia, mnene, mwenye sauti ya mhubiri. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia, na kwamba mtu akimwita mama yake aliyekufa zamani, usibishane naye. "Muulize mama huwa anapika nini," aliniambia. Nimewauliza wengi. Nimesikia mapishi ambayo sitayala kamwe.

Magoti yangu yalipoanza kulalamika nikahamia huduma za nyumbani, ambapo mhudumu mmoja anakuwa na mzee mmoja. Msimamizi wa Huduma za Nyumbani alikuwa msichana mdogo, umri wa kitinda mimba wangu, lakini mkali wa taarifa. Kila siku uandike mzee amekula nini, ametembea hatua ngapi, ngozi iko vipi. Kuandika kulinitesa kuliko kunyanyua watu. Yeye ndiye aliyenituma Saint Paul kwa Bi Hana.

Bi Hana alizaliwa Praha, mji mkuu wa Wacheki, akaja Amerika akiwa msichana. Alikuwa amevunjika nyonga, akawekewa ya chuma. Mimi simwiti mtu aliyenizidi umri jina lake tupu, kwa hiyo nikamwita Mama Tomasi, kwa jina la mwanawe, kama kwetu.

"Nilikuwa Hana kabla huyo hajazaliwa," akanijibu. "Na yeye hakunizaa."

Tukakubaliana Bi Hana.

Tomasi alikuwa na kazi ya ofisini, mtu mzima mwenye mvi, mpole, lakini hakuwahi kumgusa mama yake zaidi ya shavu kwa shavu. Kila jioni alinipigia simu kuuliza hatua ngapi. Kicheki cha mama yake alikisikia chote, akajibu kwa Kiingereza, kama wajukuu zangu kule Brooklyn Park wanavyofanya na Kikisii.

Siku moja mama akamwambia anataka kwenda Praha. Hakutaka makanisa wala makumbusho. Alitaka kutembea kwa miguu yake kutoka mji wa kale, avuke daraja, apande mpaka nyumba aliyozaliwa. Alivyoondoka ndivyo atakavyorudi. Tomasi akafikiri wiki nzima, kisha akakubali kwa sharti moja: nisafiri nao, na mama akiyumba mara moja tu, ni kiti cha magurudumu mpaka siku ya kuondoka.

Nikamwandaa kwa miezi minane. Ilikuwa baridi, kwa hiyo tulifanyia mazoezi kwenye njia za juu za Saint Paul, zile korido za vioo zinazopita juu ya barabara kutoka jengo hadi jengo ili watu wasikanyage theluji. Alitumia fremu, ile ya chuma ya miguu minne: magurudumu madogo mbele, na miguu ya nyuma tumeivisha mipira ya tenisi iliyopasuliwa, ili iteleze sakafuni isikwaruze. Kila mzee wa hapa anayo. Tulianza na hatua hamsini, tukafika elfu mbili. Niliandika zote. Nilijivuna, nakiri.

Tulitua Praha mwezi wa tano. Asubuhi ya kwanza tukatoka hotelini, hatua kama thelathini hivi, na nikaona kosa langu lote limetandazwa chini mbele yangu. Mji ule ni mawe. Vijia vya pembeni ni vijiwe vya mraba, vidogo kama sukari ya vipande, vyeupe na vyeusi, vimepangwa maua na miraba. Barabara yenyewe ni mawe makubwa yenye migongo kama mikate, na katikati reli za tramu. Miezi minane nilikuwa nimemfundisha mtu kutembea juu ya sakafu iliyopigwa deki. Hakuna aliyeniuliza chini kukoje, na mimi sikuuliza. Mimi, niliyekulia Kisii ambako njia huwezi kuiamini hata siku moja.

Mipira ya tenisi ikang'ang'ania mawe. Gurudumu likaingia ufani likagoma. Bi Hana akasukuma, fremu ikakataa, mwili ukaendelea. Niliushika mkanda, nikaweka goti langu chini yake, nikamteremsha taratibu juu ya paja langu kama tulivyofundishwa, mpaka akakaa chini. Hakuumia. Lakini alikuwa amekaa barabarani, na watalii wanampita.

"Yatosha," Tomasi akasema.

 Watu wa hoteli walipoleta kiti cha magurudumu, Bi Hana alikaa akatazama mapajani. Tulimsukuma mpaka mtoni akaonyeshwa daraja, na ngome juu kilimani, na minara. Alisema ndiyo, naona. Mchana hakula. Nilimkatia nyama akaniambia kwa upole kabisa, "Kula wewe, Teresia. Wewe ndiye uliyetembea."

Hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Nilikwenda chumbani nikapiga magoti nikamwambia Mungu kosa ni langu, si la nyonga yake. Na nilipoinuka nilikuwa na wazo, sijui kama lilitoka kwa Mungu au kwa mama yangu.

Kwetu ni milima, na mvua ikinyesha udongo mwekundu unakuwa sabuni. Mama alinifundisha kwamba ukimpeleka bibi kanisani hukai nyuma yake. Unatangulia. Yeye anaweka mikono miwili mabegani mwako, anakanyaga pale ulipokanyaga, na kupitia mabega unaijua miguu yake kabla yeye hajaijua. Nilimpeleka bibi yangu hivyo Jumapili nyingi.

Asubuhi ya pili nikamwambia Tomasi mbele ya chai. Fremu ibaki. Mimi nitatangulia.

"Umeniambia mara mia kwamba hamruhusiwi kuwa mbele," akasema.

"Haturuhusiwi. Ndiyo maana wewe utakuwa nyuma. Utashika mkanda."

"Mimi?"

"Una ndugu mwingine hapa?"

"Sijawahi kushika..."

"Alikuwa anashika mkia wa mbwa wetu vizuri sana," Bi Hana akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu jana. "Mpaka mbwa akahama."

Tomasi akacheka, kisha akaacha. "Ikiwa ataanguka, Teresia?"

"Nitaanguka mimi kwanza. Nina nyama za kutosha."

Nikamfundisha pale pale kati ya meza. Kiganja kitazame juu. Usimvute, usimsukume, msikilize tu. Alipomfunga mama yake mkanda, aliufunga juu mno, kifuani, nikamteremshia. Bi Hana alivumilia akitazama dari.

Tukaondoka. Nilipiga hatua, nikangoja, mikono yake mabegani mwangu ikaniambia nenda, nikapiga nyingine. Mguu wa kushoto ulipoogopa, vidole vya kushoto vilinifinya. Kila hatua arobaini tulipumzika. Kwenye daraja kuna sanamu za watakatifu pande zote mbili, nyeusi kwa umri, na chini ya kila mmoja tulisimama kidogo nami nikaomba, hivyo nadhani nimeomba miguuni pa watakatifu wa Kikatoliki wengi kuliko inavyomfaa Msabato. Kiongozi wa watalii aliyebeba mwavuli uliofungwa alitazama treni yetu ya watu watatu, akawapeleka watu wake pembeni. Wengine walitupiga picha. Nikawakazia macho.

Baada ya daraja Bi Hana akaanza kusema. Hapa palikuwa na duka la maziwa. Pale alikaa mwalimu aliyempiga kwa rula. Sasa ni duka la wanasesere. Nilikuwa simwoni, nasikia tu sauti nyuma ya sikio langu, na kila jina alilitaja kwa Kicheki, na nyuma yake zaidi nikasikia Tomasi akilirudia kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu.

Kilima cha mwisho ni kikali. Nyumba za huko zina alama juu ya mlango, picha za kuchonga: ufunguo, mwanakondoo, nyota. Nikauliza kwa nini. Bi Hana akasema zamani hapakuwa na namba, na wengi hawakujua kusoma. Mtu aliambiwa aende nyumba ya ufunguo. Nikaupenda mji ule papo hapo. Umejengwa kwa ajili ya watu kama mimi.

"Yetu ni ya bata," akasema. "Bado ngapi, Tomasi?"

"Tatu, Mama," Tomasi akajibu, kwa Kicheki. Ninajua ilikuwa Kicheki kwa sababu mikono mabegani mwangu ilisimama.

Tukaendelea mpaka mlangoni. Bata alikuwapo, mweupe, amepakwa rangi upya. Nyumba sasa ni ya wageni, na mlango ulifungwa kwa kufuli la vitufe vya namba. Bi Hana aliondoa mkono mmoja begani mwangu akauweka kwenye mbao. Kisha wa pili. Alisimama hivyo, hakuna aliyemshika ila mwanawe kwa mkanda, na mimi nikajitoa mbele nikakaa kando, kwa sababu hapo kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Baadaye akageuka, akakaa kwenye jiwe la kizingiti, akavua kiatu akatazama lengelenge kisiginoni.

"Sasa," akasema, "leteni kile kiti. Nimechoka."

Tomasi aliteremka kilima mbio kama kijana. Alirudi nacho, Bi Hana akakaa, akala keki mbili njiani, na siku iliyobaki aliutembelea mji wake amekaa kama malkia, akitoa amri.

Niliporudi niliandika taarifa, kwa mkono, kurasa mbili. Sikuficha. Msimamizi akanipigia simu.

"Ulitembea mbele yake?"

"Nilitembea mbele."

"Alianguka?"

"Siku ya kwanza nilimteremsha. Siku ya pili hakuanguka."

Akasema, "Usiwafundishe wengine."

"Sitawafundisha," nikasema. Kwa hiyo nanyi mniwie radhi: simameni nyuma na pembeni.

Wiki ile ile nilimwambia ninastaafu. Akauliza sababu, nikamwambia magoti, na ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilimwona mtu akikaa chini bila aibu baada ya kufika, nikatamani na mimi.

Nimeosha miili ya watu ambao hawakunijua, na wamekufa wakiwa safi. Sikuwa na cheti cha maana. Waliniamini hivyo hivyo, na wakubwa wangu walinikemea pale ilipofaa, na ninawashukuru kwa yote mawili.

Bi Hana yuko hai, sasa hatembei mbali. Tomasi alipunguza kazi, na siku tatu kwa wiki anamhudumia mwenyewe. Zamani alikuwa ananipigia kudai taarifa. Jana alipiga akasema, "Teresia, kati ya vidole vya miguu, nikishamwosha, nipake mafuta au niache?" Nikamwambia aache pakavu, akaushe kwa kitambaa laini, kidole kwa kidole, asiharakishe. Akaniomba nirudie polepole, kwa sababu alikuwa anaandika.