Matofali ya Nyumba Yetu ya Cibitoke

Chumba alichotupa shangazi yangu kule mtaa wa Bwiza kilikuwa cha matofali ya udongo. Asubuhi moja risasi kutoka barabarani ilipenya ukuta na kutoboa godoro alilolalia binti yangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameamka. Siku hiyohiyo niliamua kurudi Cibitoke, mtaa wetu tulioukimbia mapigano yalipoanza, nikabomoe mabaki ya nyumba yetu. Ile tuliijenga kwa matofali ya simenti, ambayo risasi haiyapenyi kirahisi.

Mume wangu hakuweza kwenda. Wanaume walikuwa wakikamatwa njiani na wengine hawakurudi. Nilikwenda na shangazi, tukisukuma ngorofani, toroli la gurudumu moja, nyundo na tindo tumezifunika ndani yake kwa kitenge.

Mtaa ulikuwa kimya, majani yamefika kiunoni. Tulipokaribia tukasikia mtu anagonga. Sebuleni kwetu, ambako bati lilishaibwa, mwanamume nisiyemjua alikuwa anang'oa ukuta. Mkewe alikuwa amechuchumaa, anakwangua simenti ya zamani kwenye kila tofali na kulipanga kando.

Mwanamume akageuka, nyundo mkononi. "Muko banani?"

"Mi ndo mwenye iyi nyumba," nikamjibu.

"Apa akuna nyumba tena, mama."

Shangazi akamwambia taratibu, "Baba, chumba cha kulala tuliweka rangi ya kijani. Angalia."

Hakuangalia. Alipiga hatua moja kuelekea kwetu. Hapo bunduki zikaanza kulia, karibu sana, upande wa barabara kuu. Sote wanne tukajitupa chini nyuma ya lile rundo la matofali. Vumbi la simenti likanijaa mdomoni. Yule mwanamke alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma, nami sikuutoa. Mumewe alikuwa anatetemeka kuliko sisi.

Kulipotulia, hakuna aliyeinuka haraka. Mwanamume ndiye aliyesema kwanza, macho yake chini.

"Ya kwetu walibomoa yote. Akuna ata tofali moja lilibakia. Mi nilikuwa natafuta ya kufunika dirisha, watoto walale."

"Na mi vilevile," nikamwambia.

Akaanza kupakia kwenye ngorofani yetu yale aliyosafisha mkewe. Ukuta wa jikoni nikamwachia. Hatukuulizana tunatoka kabila gani, ingawa najua kila mmoja wetu alikuwa anakisia.

Tulirudi kwa njia za ndani, gurudumu likizama mchangani, shangazi akinong'ona dua. Simenti ya kujengea hatukuwa nayo, kwa hiyo mume wangu aliyapanga matofali makavu hivyohivyo ndani ya chumba, safu mbili, mpaka usawa wa kifua. Binti yangu alilazwa nyuma ya ukuta huo. Mimi nilibaki macho, nikihofia mlio wa risasi, tena nikihofia ukuta wenyewe usije ukamwangukia.

Haukuanguka. Mapigano yalipokwisha tuliubomoa, tukamjengea shangazi jiko uani.